Aliyepakia Ndiye Hupiga Kwanza

Arlys Haugen alinipigia simu wiki ile theluji ya kwanza iliposhuka hadi kwenye misonobari ya juu ya mji, akaniambia kwamba mumewe anagombana na maganda ya risasi. Sikucheka. Delmar Haugen hakuwa mtu wa kugombana na vitu. Tulifanya kazi pamoja katika kiwanda cha mbao hapa Larkin Fork tangu ujana hadi kilipofungwa, yeye kwenye msumeno mkubwa na mimi kwenye karakana ya mitambo, na sikuwahi kumwona akiipiga teke mashine iliyomkorofisha. Alikuwa akiizima, anawasha sigara, anaitazama kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Nilimkuta kwenye banda lake nyuma ya nyumba, jiko la kuni likiwaka, naye amesimama mbele ya meza ya kupakia, yaani ya kuyajaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Meza hiyo aliijenga kwa mbao za mlarchi, mti mgumu wa jamii ya msonobari, tulizozitoa kiwandani, unene wake kiganja kizima, na mashine ya kubania imefungwa juu yake kwa bolti nne. Hapo ndipo zilipotoka risasi za kambi yetu nzima. Kambi ni watu wanne: Delmar, mimi, Lyle Rasch aliyekuwa akiendesha magari ya magogo, na Shane, mume wa binti yake Delmar. Sote tuna bunduki za kipimo kimoja, makusudi, ili mtu mmoja atupakie sote. Kila msimu wa elki, wale kulungu wakubwa kama ndama wa miaka miwili, tulipanda mlimani na risasi za Delmar, na hakuna aliyewahi kununua za dukani. Kununua za dukani kungekuwa kumtukana.

Na tuna desturi yetu, iliyoanzishwa na baba yake baada ya mtu mmoja kupoteza jicho kwa risasi za shemeji yake. Jumamosi kabla ya msimu tunakwenda kwenye shimo la kokoto. Aliyepakia ndiye hupiga kwanza, risasi tatu, na hachagui yeye. Wenzake huzichagua kutoka sanduku lolote wanalotaka. Kama kazi yake ni mbovu, uso utakaoumia ni wake.

Siku hiyo ganda lilikuwa limenasa ndani ya kalibu. Kalibu ni bomba la chuma ambalo ganda lililokwisha kupigwa hubanwa ndani yake ili lirudie umbo lake la kwanza, na usipolipaka mafuta kwanza linashika humo kama meno ya mbwa. Delmar alikuwa amelivuta kwa nguvu mpaka ukingo wa kitako ukang'oka. Aliyalaumu mafuta, akasema siku hizi wanauza maji kwenye chupa. Nilitoboa kitako cha lile ganda kwa drili, nikakikatia uzi wa skrubu, nikalivuta kwa bolti, nikaisafisha kalibu kwa kitambaa. Alinitazama mikono yote ikiwa mifukoni. Arlys alituletea kahawa na mkate wa mdalasini, tukazungumza kuhusu goti la Lyle. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika.

Siku chache baadaye akaniita tena. Sasa maganda yalikuwa yanapasuka shingoni. Nikamwambia jambo analolijua kuliko mimi: shaba ikibanwa na kupanuliwa mara nyingi inakakamaa, na dawa yake ni kuipasha moto shingoni tu, kwenye kiza kidogo ili uone rangi ikianza kubadilika, kisha kuiacha ipoe. Tuliyapasha pamoja jioni nzima, mimi nikiyazungusha, yeye ameshika tochi ya gesi, na mkono wake ulikuwa imara kabisa. Hilo lilinidanganya. Niliendelea kuutazama mkono.

Nilipokuwa nayapanga nikaona kwenye baadhi yake pete inayong'aa juu kidogo ya kitako. Nilinyoosha kipande cha waya, nikakipinda ncha, nikakiingiza ndani na kukwangua ukuta taratibu. Ncha ilitumbukia kwenye mfereji. Ganda la namna hiyo likipigwa mara moja zaidi hukatika vipande viwili, na moshi wa moto hurudi nyuma kwa mtu aliyeweka shavu lake pale. Chanzo chake ni kalibu iliyoteremshwa mno, inayolisukuma nyuma bega la ganda kila mara, nalo kila likipigwa linanyooka na kukonda pale pale. Nikaipandisha kalibu, nikaikaza pete yake, tukatupa robo ndoo ya maganda. Delmar alisema lazima Shane aliichezea.

Nilipokwenda mara ya tatu kalibu ilikuwa imeteremshwa tena.

Shane hakuwa amefika. Arlys aliniambia hivyo kabla sijamuuliza, pale jikoni, akiongea kwa sauti ya chini. Hata hivyo niliendelea kutafuta hitilafu kwenye vitu. Mizani ilikuwa inayumba, nikagundua upepo unapita chini ya mlango, nikauziba kwa gunia. Meza ilikuwa imelala upande kidogo, nikaiwekea kabari. Kipimo cha kumiminia baruti kilikuwa na unyevu, nikakifungua chote. Nilisoma kuchora mitambo na hesabu zake katika shule ya usiku, nikiwa na watoto wawili na mabega yanayouma, na tangu hapo ninaamini kwamba kila hitilafu ina mahali pake. Ukiondoa yasiyo chanzo moja baada ya jingine, mwishoni utabaki na lililo chanzo. Niliyaondoa yote. Mashine ilikuwa nzima. Kalibu ilikuwa nzima. Mizani ilikuwa nzima, na maganda yaliyobaki yalikuwa mazuri.

Delmar aliingia ndani kwenda haja. Kwenye rafu kulikuwa na masanduku ya kambi, yamekwisha kupakiwa, kila moja na jina la mmoja wetu kwa herufi zake kubwa. Nilichukua risasi moja kutoka langu, nikaitikisa sikioni. Risasi za Delmar hujazwa baruti mpaka shingoni, hazitoi sauti. Hii ilicheza kama kayamba. Nikaing'oa kichwa kwa nyundo ya kung'olea, nikaimwaga baruti kwenye kiganja. Ilikuwa chini ya nusu. Nikachukua nyingine. Hii ilikuwa imejaa, lakini kati ya vijiti vidogo vyeusi vya baruti ya bunduki kulikuwa na visahani vya kijivu.

Visahani ni baruti ya bastola. Inawaka upesi zaidi, mara kadhaa, kuliko ile nyingine. Vichache vikichanganyika unaweza ukapona. Ganda la bunduki likijaa hivyo vitupu, chuma cha bunduki hakitoshi kulizuia.

Ndipo nilipoitazama meza kama nilivyopaswa kuitazama tangu mwanzo. Mikebe miwili ya baruti ilikuwa wazi pale juu, ubavu kwa ubavu. Delmar ndiye aliyetufundisha sisi sote kwamba mkebe mmoja tu hukaa mezani, na mwingine wowote hurudi kabatini kabla hujaugusa huu. Lyle alipowahi kuusahau mmoja, Delmar alimfukuza bandani. Nikasikia hatua zake. Aliingia, akakichukua kikombe cha baruti iliyobaki, akakitazama, akaitazama mikebe, akamimina kwenye ule usio wake. Kisha akaniuliza kama ganda lile lililonasa limekwisha kutoka.

Nilimjibu kwamba lilitoka.

Nilirudi asubuhi iliyofuata, kwa sababu Jumamosi ilikuwa inakaribia na jambo hili halikuwa la kuachiwa simu. Nilimweleza wazi. Nilimwonyesha visahani na vijiti nilivyovifunga kwenye karatasi. Alivitazama muda mrefu, na kwa muda huo nilimwona akiogopa, nikajua kwamba alikuwa anajua kitu, labda si chote. Halafu woga ukaondoka na mahali pake pakaja kitu kingine.

"Umevileta wewe hivi," alisema.

"Del, nimevitoa kwenye sanduku langu."

"Miaka yote hii unaitamani meza hii. Ulisoma usiku, bwana, ukadhani wenzako wote wamelala."

Nilimwambia siitaki meza yake, ninataka asipoteze uso. Nikamwomba tuzing'oe zote, mimi na yeye, mlango umefungwa, na tuwaambie wenzetu kwamba baruti ilipata unyevu. Hakuna ambaye angejua. Alinijibu kwamba ataonekana Jumamosi shimoni kama kila mwaka, na kama nina la kusema niliseme pale mbele ya wanaume. Kisha akaketi, akashika mpini wa mashine, akaanza kubana maganda bila kuyapaka mafuta.

Arlys alinisindikiza hadi kwenye pikapu. Hakuwa na koti na baridi ilikuwa kali. Nilimweleza nilichokiona, naye akasema alikuwa anajua tangu kiangazi. Aliwahi kumkuta amevaa buti kitandani, na mara nyingine Delmar alimwita yeye kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa. Daktari wa mjini alimpima kumbukumbu na akasema neno lake, naye Delmar akamkataza asilitamke kwa mtu yeyote. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Alinishika mkono wa koti.

"Ukimnyang'anya hiyo meza, Wendell, atakaa kwenye kile kiti akitazama ukuta mpaka afe. Mimi ndiye nitakayekaa naye. Mwache amalize mwaka huu tu."

"Huu mwaka ndio utakaommaliza, Arlys."

Aliuachia mkono wangu, akarudi ndani bila kuniaga.

Jumamosi kulikuwa na jua jeupe lisilo na joto. Shane alikuwa amekwisha kusimamisha mbao za shabaha mwisho wa shimo, na Lyle alikuwa ameketi kwenye mlango wa nyuma wa gari lake akila soseji ya elki kwa kisu, goti lake limenyooshwa. Delmar alishuka kwenye gari akiwa amenyoa, amevaa koti lake jekundu la mirabaraba, na kwa kweli alionekana mzima kuliko sisi sote. Alimtania Shane kwamba shabaha zake zimepinda kama ndoa yake. Shane akacheka, akamwambia, mzee, ndoa hiyo umenipa wewe.

Niliwaambia pale pale, kabla masanduku hayajafunguliwa. Nilisema kwamba risasi za mwaka huu ni mbaya, nimezing'oa mbili na zote mbili zilikuwa na kasoro, moja pungufu na moja imechanganywa, na kwamba hakuna mtu anayepaswa kuzipiga, yeye wala sisi. Sikulitaja neno la daktari. Hilo lilikuwa la Arlys.

Lyle alikifuta kisu kwenye suruali. "Umesubiri mpaka leo kutuambia?"

"Nilimwambia mwenyewe kwanza."

"Na mwenyewe anasemaje?"

Delmar alisema kwamba Wendell Sikora ni fundi mzuri sana wa vitu ambavyo havijaharibika. Lyle alicheka mpaka akakohoa. Akasema tangu tulipokuwa kiwandani nilikuwa na ugonjwa huo, kwamba nilifungua hata saa ya ukutani iliyokuwa inakwenda. Shane hakucheka. Alinitazama, akamtazama baba mkwe wake, na nikaona kwamba ana shaka, lakini yule ni mtu aliyemfundisha kupiga bunduki, aliyempa binti yake, na yeye ni mtu mpole. Alisema polepole kwamba labda mzee apumzike, wanunue za dukani mwaka huu mmoja tu.

Hapo Delmar akabadilika. Hakupaza sauti. Alisema baba yake alipiga kwanza mpaka mwaka aliokufa, na yeye hatapanda mlima ule na risasi za dukani kama watalii. "Chagua, Lyle," alisema. "Desturi ni desturi."

Lyle akachagua tatu, moja kwa kila sanduku alilolishika, na akaruka langu kwa makusudi huku akinitazama. Nilimwomba angalau azitikise sikioni. Akazitikisa karibu na sikio langu mimi, kwa mzaha, zote tatu pamoja kwenye ngumi moja, na nikasikia mlio lakini sikuweza kujua ni wa ipi. Nikasema moja inalia. Akasema ni meno yangu.

Delmar alilala kifudifudi juu ya gunia la mchanga. Risasi ya kwanza ilitoka kama kawaida, sauti ikagonga ukuta wa shimo na kunguru wakaruka. Shane aliangalia kwa darubini, akasema imepiga katikati. Lyle akaniinulia kofia. Nilitamani sana, na ninalisema bila haya, kwamba wao wawe na haki na mimi niwe mpumbavu.

Ya pili ilitoa sauti kama kizibo kikitoka kwenye chupa.

Haikuwa mlio. Moshi mdogo ulitoka kwenye komeo, kile chuma cha nyuma kinachoifungia risasi ndani, na vijiti vya baruti isiyoungua vikamwagika juu ya mkono wake. Ubao wa shabaha haukutikisika. Na Delmar, aliyewahi kutusimulia sisi sote jambo hili kando ya moto, kwamba ukisikia sauti ndogo weka bunduki chini hata kama elki amesimama mbele yako, kwa sababu kichwa cha risasi kimekwama mtutuni na kinachofuata kitaipasua bunduki usoni mwako, Delmar huyo huyo alivuta komeo, ganda likaruka, akaisukuma ndani risasi ya tatu.

Nilimrukia. Mimi si kijana, na kokoto zile zilinichana magoti, lakini niliangukia juu ya mkono wake na kulishika komeo kabla halijafungwa. Alinipiga kiwiko usoni, miwani yangu ikavunjika. Tulipigana hapo chini, wazee wawili ndani ya makoti mazito, yeye akiniita mwizi, mimi nikilishikilia komeo tu na kumwambia Shane achukue bunduki. Shane akaichukua.

Aliitoa ile risasi, akaliondoa komeo, akaleta ufito wa kusafishia. Aliuingiza kwa mdomo wa mtutu. Uliingia kidogo zaidi ya nusu, ukasimama. Akausukuma tena. Sote tulisikia chuma kikigusa kitu kisichotaka kutoka.

Lyle aliweka soseji yake ndani ya karatasi, akaikunja karatasi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ile risasi ya tatu niliing'oa baadaye kwenye karakana yangu. Ilikuwa na visahani vitupu, imejaa mpaka shingoni. Sikuwaambia. Waliyoyaona yalitosha.

Delmar alikaa kwenye kokoto, kofia imemtoka, mvi zake zikipeperuka. Alimwuliza Shane kama amepiga ya tatu. Shane akamwambia bado, mzee. Akauliza nani amemvunjia Wendell miwani. Shane alimwinua kwa makwapa na kumpeleka kwenye gari, akamfunga mkanda kama mtoto. Lyle aliniletea kipande cha miwani alichokiokota. Alitaka kusema kitu, na mimi sikumsaidia kukisema.

Tulipanda mlimani watu watatu na risasi za dukani. Hatukupata kitu, na tulishuka mapema.

Arlys alinipigia baada ya msimu kufungwa, akaniomba nije niiondoe meza, kwa kuwa Delmar alikuwa ameanza kuamka usiku na kuitafuta baruti ambayo Shane alikwisha kuichukua. Tulikwenda mimi na Shane mchana. Kwetu meza ya mtu haifunguliwi bolti akiwa hai. Marafiki huja baada ya mazishi, wanaifungua, mjane anawapa kahawa, na kila mmoja anaondoka na kitu. Nilizifungua zile bolti nne, na mbao chini yake zilikuwa bado nyeupe. Shane alishika upande mmoja, mimi mwingine.

Delmar alitoka jikoni akiwa na soksi tu, akasimama kwenye theluji akitutazama tukipita. Aliifuata meza kwa macho mpaka nyuma ya pikapu. Alionekana mwenye huzuni ya adabu, ile ya mtu aliyefika kwenye msiba wa jirani.

"Nani amekufa?" aliniuliza.

Nilimwambia hajafa mtu.

"Basi mbona mmeibeba meza yake?"

Shane aligeuka kando. Nilikuwa nimeapa kwamba sitamdanganya, kwa sababu hata pale shimoni sikumdanganya. Nikamwambia, "Ni yako, Del. Huwezi tena kupakia. Ni hatari."

Nilimwona akilisikia kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikwenda palepale ulipokwenda asubuhi ile nilipomwonyesha karatasi, kwenye woga, na safari hii hakuna kitu kilichokuja mahali pake. Arlys akaja na viatu, akapiga magoti kwenye theluji kumvisha, naye akaweka mkono begani mwake ili asianguke, macho yake bado kwangu.

Kesho yake nilikwenda kumsalimu. Alikuwa kwenye kiti. Aliniuliza kama nimeiona meza yake, na nikamweleza tena.